Nusu Hatua

Mwalimu Winifrida alianza kupiga kelele hata getini hajafika, kwa hiyo mtaa mzima wa Mazwi ulijua kabla ya mwenye habari zake.

"Silvana! We Silvana! Wanakuja hapahapa!"

Silvana alikuwa uani, kigodani, ungo mapajani, anachambua maharage. Anachambua kwa vidole, na usidhani anabahatisha. Jiwe lina ubaridi wake, haragwe lililotobolewa na wadudu lina wepesi wake, na Silvana alikuwa hajawahi kumvunja mtu jino toka aolewe. Akainua uso kuifuata ile sauti.

"Nani wanakuja, Madam?"

"Wachaguzi! Wa timu ya taifa! Mchujo wa kanda mwaka huu haufanyiki Mbeya, mama, unafanyika Sumbawanga. Jumamosi ya wiki ijayo, uwanja wetu wenyewe, vumbi letu wenyewe!" Mwalimu alishaingia, anahema, ameshika mikono ya Silvana pamoja na maharage yake. "Mita mia, wanawake wasioona kabisa. Wanachukua mmoja. Wa kwanza tu. Anaingia kambini moja kwa moja, halafu mashindano ya Afrika. Na wewe kule Mbeya umekuwa wa pili mara mbili kwa sababu ya nini? Kwa sababu ulishuka kwenye basi miguu imevimba ukakimbia asubuhi yake. Safari hii unatoka kitandani kwako unakwenda kushinda."

 Vidole vya Silvana vilisimama kwenye maharage. Halafu akaanza kucheka peke yake, taratibu, kama mtu anayetekenywa.

Ujue, huyu dada toka surua imchukulie macho akiwa na miaka saba, neno alilosikia kuliko jina lake ni "kaa". Kaa hapo utaanguka. Kaa, tutakuletea. Kanisani kaa, sokoni kaa, msibani kaa. Miaka ishirini watu wema wanamkalisha. Ni pale uwanjani tu, kwenye mistari ya majivu aliyoichora Mwalimu Winifrida, ndipo mtu alipowahi kumwambia kimbia.

"Na mume wake?" Sauti ilitoka barazani. Ni Mama Coleta, mama mkwe, aliyepanda kutoka kijijini Ilemba kumlea mjukuu kwa wiki mbili, na hii sasa ni miaka mitatu. "Huko timu ya taifa mwanangu ataitwa nani? Au ataendelea kuwa kamba?"

"Ataitwa mwongozaji, mama," Mwalimu akajibu. "Naye anakwenda. Wanakwenda wote."

"Mwongozaji anayekaa nyuma." Mama Coleta akamweka vizuri mjukuu mgongoni, akamalizia kwa Kifipa maneno ambayo Mwalimu alijifanya hakuyasikia.

* * *

Kamba yenyewe ilikuwa ya kiatu, ya bluu, imekunjwa mara mbili na kufungwa vitanzi viwili. Kimoja kiganja cha kushoto cha Silvana, kingine kiganja cha kulia cha Isdori, mume wake, dereva wa bodaboda. Katikati sentimita thelathini. Mwalimu aliipima kwa rula ya darasani, na kila Jumatatu aliipima tena, maana kamba nayo hurefuka kwa jasho.

Kwa watu wengine ni kamba. Kwa Silvana ilikuwa habari. Ikilegea, yuko sawa. Ikimvuta kidogo kushoto, anaponyoka kwenda mstari wa nje, arudi. Isdori akiwa amelala vibaya, kamba inasema. Akiwa amegombana na abiria, kamba inasema. Hata ile siku alipopata ajali ndogo na pikipiki akaficha goti lake ndani ya suruali ndefu, Silvana alijua ndani ya hatua nne.

"Baba Edwin, goti limefanyaje?"

"Goti gani?"

"La kulia. Unachechemea."

"Ebwana we mwanamke, wewe ni polisi!"

Walicheka mpaka wakakaa chini kwenye nyasi zenye umande. Mapenzi yalikuwepo, mtu asije akakudanganya.

Isdori alikuwa winga wa mpira zamani, mbio anazo. Akikimbia peke yake hata pikipiki mbovu inamkoma. Na hapo ndipo kazi yake ilipokuwa ngumu kuliko watu walivyodhani: hakutakiwa kukimbia, alitakiwa kujizuia. Sheria ya mbio hizi ni moja na haina huruma. Asiyeona ndiye anayevuka mstari kwanza. Mwongozaji akitangulia, hata kwa kifua, wanatolewa wote wawili, habari imeisha.

"Breki, Isdori!" Mwalimu Winifrida alikuwa anapiga kelele kutoka mwisho wa uwanja, saa shingoni, koti la baridi mpaka magotini, maana mwezi wa sita Sumbawanga upepo unakata masikio. "Zikibaki mita kumi unaita, zikibaki tano unaita, unamwambia 'kifua', yeye anajitupa mbele, wewe unabaki! Nusu hatua! Hiyo nusu hatua ndiyo kazi yako. Zile mita nyingine zote ni mazoezi!"

"Sawa, Madam."

"Nimekuona. Umelingana naye. Rudini."

Wakarudia, mara kumi na mbili asubuhi moja.

Pembeni ya uwanja, kila siku muda uleule, ilisimama baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa. Ni ya Kabula, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe zao nje ya mji. Analeta maziwa Mazwi, na kabla ya kuyauza lazima aangalie mbio kwanza. Siku moja alivua malapa akakimbia sambamba nao mpaka mwisho, peku, huku akicheka.

"Dada Silvana, siku moja na mimi nishike hiyo kamba."

"Maziwa yataganda," Isdori akamwambia.

"Yakiganda nauza mtindi, kaka. Bei inapanda."

Mwalimu aliangalia saa yake, akaangalia miguu ya Kabula yenye vumbi. Silvana alimsikia akibonyeza ile saa mara mbili.

* * *

Siku tatu kabla ya mchujo, redio ya pale mjini ikawaita. Walikaa ndani ya chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, kijana wa redio akaongea kama anatangaza mpira. Alimuuliza Silvana maswali mawili, analalaje na anapikaje. La mbio hakumuuliza. Halafu akamgeukia Isdori.

"Sasa shemeji, hebu tuambie wanaume wenzako huko nje. Unajisikiaje kukimbia nyuma ya mke wako?"

 Silvana alisikia kiti cha mume wake kikilia.

"Kawaida tu," Isdori akasema.

Mungu wangu! Yale maneno mawili. Kijiwe cha bodaboda chote kilikuwa kimefungulia redio. Walipopita pale na pikipiki, Isdori mbele, Silvana nyuma amemshika kiuno, wakapokelewa kwa kishindo.

"Kawaida tuuu!"

"Fimbo! Fimbo hiyo imekuja!"

Hilo la Fimbo lilikuwa la zamani. Alilibuni Raymond, dereva mwenzake, mtu wa maneno. Kwamba asiyeona hutembea na fimbo nyeupe, na Silvana fimbo yake ni mume. Mwanzo Isdori alikuwa anacheka nalo. Baadaye akawa anatabasamu. Siku hizi alikuwa anaongeza moto tu na kupita. Leo abiria mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, ikabidi asimame.

"Fimbo, hebu tuelekeze," Raymond akasogea, harufu ya karanga mdomoni. "Nyumbani nako ni hivyohivyo? Mama anatangulia kuingia, wewe unapewa nusu hatua?"

Kicheko kililipuka.

"Raymond, kaka yangu," Silvana akasema kutoka nyuma ya pikipiki, "wewe mwenyewe mke wako alikuacha nyuma mwaka gani? Maana mpaka leo hujamfikia."

Kicheko kikahama upande. Watu walipiga matangi ya pikipiki kwa viganja. Silvana alicheka nao. Lakini mgongo aliokuwa ameuegemea haukucheka. Ulikaza, ukawa mgumu kama ubao, na ulibaki hivyo mpaka nyumbani.

Jioni alimpelekea mume wake maji ya kunawa, akapiga goti kama siku zote, beseni mkononi. Mama Coleta alikuwa anakula, anatafuna dagaa taratibu.

"Nimesikia redioni," mama mkwe akasema. "Na Ilemba wamesikia. Mjomba wako amepiga simu. Ameuliza, hivi Isdori siku hizi ni nani?"

"Mama, yaishe," Isdori akasema.

"Mimi nimesema nini? Nimesema amepiga simu."

Maji yalidondoka kwenye beseni. Silvana alisubiri mama mkwe aingie ndani kumlaza mtoto, ndipo akaongea kwa sauti ya chini.

"Baba Edwin. Ni sekunde kumi na tatu tu. Sekunde nyingine zote za mwaka mimi niko nyuma yako."

Isdori alikaa na mikono yake ndani ya maji muda mrefu.

"Najua," akasema.

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Mwalimu Winifrida alikuwa amepata chokaa, chokaa kweli, si majivu, na tangu alfajiri alikuwa amechora njia nane mwenyewe.

Kwenye meza ya usajili kulikuwa na mgeni mwenye sauti nzito na manukato makali. Alipoona wamesogea, akamuuliza Isdori.

"Anaitwa nani huyu?"

"Silvana," Silvana akajibu.

"Ana umri gani?" Bado kwa Isdori.

"Ishirini na saba," Silvana akajibu.

"Ahaa. Anasikia vizuri."

"Macho tu ndiyo sina, kaka. Vingine vyote ninavyo."

Mgeni akacheka, akasema hawa watu wa Sumbawanga ni wa kuogopwa, asije akaamka kesho amelala juu ya paa. Utani huo wa uchawi kila mgeni huja nao kutoka kwao kama mzigo wa mkononi. Wakacheka inavyotakiwa. Silvana akapewa namba ya kifuani yenye jina lake. Isdori akapewa kizibao cha njano kilichoandikwa neno moja, mwongozaji.

"Na jina langu?" Isdori akauliza.

"Lako halihitajiki kwenye fomu, kijana. Kuna kisanduku tu hapa. Nakuwekea tiki." Kalamu ikakwaruza. "Anayefuata!"

Silvana akamtafuta mkono. Ulikuwa wa baridi. Akataka kusema kitu, lakini kule ukutani kijiwe kizima kilikuwa kimefika, na Raymond alishaanzisha kibwagizo, na wenzake wanaitikia kwa kupiga makopo: "Fim-bo! Fim-bo! Fim-bo!"

Walikuwa wakimbiaji wanne, kila mmoja na mwongozaji wake na njia zake mbili, Silvana na Isdori ya tatu na ya nne. Mwamuzi alipita akiwafunga wote vitambaa vya macho, asije mtu akawa anaona hata mwanga kidogo. Silvana huwa anakipenda kile kitambaa. Wakishafungwa, wote wanalingana.

Wakaomba uwanja unyamaze, na ukanyamaza kweli, hata makopo ya Raymond. Silvana aliinama, vidole kwenye chokaa, akasikia Isdori anainama kushoto kwake, pumzi zao zinatafutana mpaka zikawa moja. Akawaza, miezi mitatu kambini hakuna atakayeniambia kaa.

Mbao mbili zikagongwa, pa!

Jamani, alikimbia! Upepo ulikuwa mgongoni, kamba imelegea vizuri kabisa katikati yao, mikono inapanda na kushuka pamoja kama ya mtu mmoja. Kufikia mita thelathini alikuwa anasikia ubavuni kwake miguu ya yule wa Mbeya aliyemshinda mara mbili. Kufikia hamsini ilikuwa nyuma, na kufikia sabini ilikuwa mbali.

"Kumi!" Isdori akaita.

Uwanja ukapasuka. Katika kelele zote zile sauti moja ilipenya, nyembamba, ya ukutani: "Fimbooo! Bado uko nyumaaa!"

"Tano!"

Ndipo kamba ikakaza.

Haikukaza kwenda kushoto. Haikukaza kurudi nyuma kama walivyofanya mara kumi na mbili kila asubuhi. Ilikaza kwenda mbele. Kwa nusu hatua ile ya mwisho ilimvuta kiganja kama ng'ombe anayevuta jembe, na neno "kifua" halikuja. Silvana alijitupa mwenyewe, bila kuambiwa, akasikia utepe umeshakatika kabla haujamgusa.

Watu walimwagika uwanjani. Alibebwa juu, akashushwa, akabebwa tena. Mtu alimbusu shavuni, mama mmoja alikuwa analia kwa vigelegele. "Kumi na tatu na nukta moja!" Mwalimu Winifrida alikuwa anapiga kelele. "Hujawahi! Mwanangu, hujawahi!" Na Silvana alicheka, alirukaruka, akaacha furaha impande mpaka kichwani, maana labda alikosea. Labda ilikuwa upepo. Mkono nao unaweza kukosea, siyo?

Kipaza sauti kilikoroma.

"Tunaomba utulivu. Matokeo, mita mia wanawake. Njia namba tatu na nne wameondolewa. Kuna kanuni imevunjwa. Mshindi ni njia namba tano na sita, kutoka Mbeya."

* * *

Mwalimu Winifrida alikwenda mezani akatazama picha kwenye simu ya mwamuzi, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaomba wasimamishe ile picha. Aliporudi hakuwa anapiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza Silvana kumsikia akiongea kama watu wengine.

"Isdori. Mwambie mwenyewe mke wako."

Akaondoka kwenda kukusanya vibendera vyake.

Walibaki wawili pembeni ya goli. Watu walikuwa wanapita kwa mbali kidogo, kama wanavyopita mbele ya nyumba yenye msiba. Silvana bado alikuwa na kitanzi kiganjani. Upande wa pili wa kamba ulikuwa unaning'inia. Isdori alishavua chake.

"Nini kimetokea, baba Edwin?"

"Mstari," Isdori akasema. Akakohoa. "Umekanyaga mstari, mke wangu. Mwishoni pale. Wamekuona."

Silvana alisubiri. Alimpa muda mwingi, muda ambao mtu angeweza kukimbia mita mia mara kadhaa.

"Haya," akasema.

Nyumbani majirani walikuja kwa zamu na kanga zao mabegani. Pole, mama Edwin. Pole, mshindi wetu. Hao waamuzi wamekula hela ya Mbeya, hao. Mama Coleta aliwapokea barazani na kuwafafanulia wote kwa subira kubwa: mguu, mama, mguu ndio umekwenda kwenye mstari. Sasa mtu asiyeona utamlaumu? Mwanangu alijitahidi kumvuta, lakini wapi. Na kila jirani aliyeingia ndani baada ya hapo alimshika Silvana mkono kwa upole mpya, wa kumhurumia, akamwambia, "Kaa, mama. Kaa upumzike."

Isdori alikuwepo anasikia. Alikuwa anawaletea wageni viti.

Jioni Silvana alipeleka maji ya kunawa. Alipiga goti. Beseni halikutikisika.

"Baba Edwin, ni mguu upi?"

"Nini?"

"Uliokanyaga mstari. Wa kulia au wa kushoto?"

Hakufikiria hata kidogo. "Wa kushoto."

Silvana alimmwagia maji yakaisha, akampa kitambaa, akanyanyuka. Kushoto kwake alikuwa yeye Isdori. Njia mbili zilikuwa zao wote wawili, na mstari uliopita katikati yao ulikuwa wao, wangeweza kuukanyaga kutoka mwanzo mpaka mwisho na hakuna mwamuzi angeinua bendera. Kila anayekimbia mbio hizi anajua. Isdori anajua. Alikuwa amesahau tu kwamba mke wake naye anajua.

* * *

Mtu anaweza kusema, ilikuwa bahati mbaya. Kasi ilimzidi, miguu ya winga, inatokea. Silvana mwenyewe alijiambia hivyo Jumapili kanisani, akapiga magoti akaomba moyo wa kuamini. Alikuwa ameshafika karibu. Walipotoka misa ya pili alikuwa amepanga kabisa maneno atakayomwambia: nimekusamehe, hata kama hujaniambia.

Walipofika nyumbani alikwenda jikoni kuwasha jiko la mkaa. Jiko liko nyuma ya nyumba, ukuta wake wa mabati umepakana na uchochoro wanapoegesha pikipiki. Akasikia nyingine inakuja, inazima, na ile sauti yenye karanga.

"Isdori mwana wa mama!"

Hakusema Fimbo. Silvana alisimama na kiberiti mkononi.

"Acha nikupe mkono, kaka," Raymond akasema. "Nimeicheki ile video ya jana kijiweni mara ishirini. Kifua chako hicho, kimeingia kwanza! Umemwacha nusu hatua nzima. Wazee wote wamesema, lile jina limekufa tangu jana. Atakayekuita Fimbo tena anatununulia soda wote."

"Acha maneno yako," Isdori akasema.

"Maneno gani? Si umempita? Umempita au hujampita?"

 Kikamtoka Isdori kicheko. Kidogo sana, cha puani, kifupi, kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu anaona haya kuipokea lakini ameshaipokea. Silvana alikifahamu kile kicheko. Ndicho alichocheka siku ya ndoa yao, padri alipotamka jina lake.

Akawasha njiti ya kiberiti, moto ukamfikia kidole. Akaiacha iungue mpaka mwisho.

Alipika. Alipakua. Hakuna aliyelalamika chumvi.

* * *

Jumatatu asubuhi palikuwa na ukungu, ule wa kulala mpaka chini kwenye majani ya maharage. Mwalimu Winifrida alikuwa amempigia simu usiku uliotangulia: jina la yule wa Mbeya limeshapelekwa, mchujo mwingine ni baada ya miaka miwili, na yeye haelewi Silvana atataka kufanya nini. Silvana akamwambia atataka kukimbia. Halafu akamuuliza swali moja, la ile saa yake iliyobonyezwa mara mbili, na Mwalimu akamtajia sekunde za Kabula.

Sasa alikuwa mlangoni amevaa raba, koti juu, kamba ya bluu mfukoni. Isdori alikuwa ameshatoa pikipiki mpaka getini, inanguruma, kama kila asubuhi kwa miaka minne. Hajaulizwa, hajaambiwa kitu. Alidhani mambo yamekwisha.

"Twende, mke wangu. Panda."

Kengele ya baiskeli ililia ukungu ukiwa bado mzito, madumu matupu yanagongana.

"Shikamoo kaka. Shikamoo mama," Kabula alisema. Mama Coleta alikuwa barazani, ameacha kufagia. "Dada, nimewahi. Maziwa leo anauza mdogo wangu."

Pikipiki ilishusha mngurumo.

"Huyu amefuata nini?" Isdori akauliza.

 Silvana alipapasa ukuta mpaka nguzo ya geti, akanyoosha kiganja cha kushoto. Mkono wa Kabula ulimfikia, wenye ganda gumu la kukamua ng'ombe. Akatoa kamba, akavaa kitanzi chake, cha pili akakivalisha kile kiganja kigeni. Kamba haikumwambia kitu bado. Miaka minne alikuwa amejifunza mkono mmoja. Huu ilibidi aanze kuusoma kuanzia herufi ya kwanza, na miguu yake mwenyewe ilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba.

"Silvana," Isdori akasema. Aliita jina lenyewe, ambalo hakuwa ameliita tangu mtoto azaliwe. "Mbele za watu, Silvana? Mimi nitapita wapi kijiweni? Nitawaambia nini?"

Silvana aliisikia hofu ya mume wake, ikamuuma, na kuumwa kwenyewe kukamuudhi. 

Alijivuta pembeni, akaipa pikipiki njia yote.

"Tangulia, baba Edwin," akasema. "Si ndivyo ulivyotaka? Tangulia."